Tai wa Jalada la Kalenda

Jumanne, 4 Machi
Mwaka jana jalada la kalenda ya chama chetu cha wapiga picha alilichukua shemeji. Kwa picha ya bata. Bata! Tangu hapo wateja wananipita mlangoni wakienda studio yake, ng'ambo ya barabara. Hata maharusi niliowapiga picha za uchumba! Mwaka huu hanipati. Ijumaa naenda mbugani kumpiga tai, karibu kabisa, mpaka kope zionekane. Mama watoto anasema niende na kaka yake, eti gari moja linatosha. Nimekataa katakata.

Anakuja.

Ijumaa, 7 Machi
Tai yupo! Juu ya mti mkavu, pale watu wanaposhuka kula. Ila nyuma yote ni vichaka na matawi, uchafu mtupu. Picha ya namna hiyo haitoki studio kwangu. Nikatundika shuka jeupe katikati ya miti miwili, nikasimama mbele yake na mnofu mkononi ili ashuke. Dereva tuliyemkodi akaniambia nisishike chakula, ndege huyo hana adabu. Nikamwambia ashughulike na usukani wake. Nikamwomba tai ainue kidevu kidogo.

Sikumwona akishuka. Mnofu ukaenda, ngozi ya kidole ikaenda nao, kamera ikatumbukia kwenye ndoo ya kunawia. Nyuma yangu nikasikia kamera ya shemeji ikilia mfululizo. Hata pole hakunipa!

Jumatatu, 10 Machi
Jalada kalichukua tena! Tai kakunjua mabawa, kucha nje, nyuma kweupe pee. Katibu wa chama anasema picha imependeza kwa sababu ya huo weupe. Shuka LANGU hilo! La kitandani KWANGU! Nikaenda kulalamika. Akaniuliza mkono ule wa pembeni ni wa nani. Nikasema wangu. Akanishukuru kwa kumsaidia shemeji. Kumsaidia! Nina hasira! Mama watoto yeye anauliza shuka liko wapi.

Jumanne, 11 Machi
Hasira bado. Lakini nimetulia, nimefikiri, nimeona kosa lilikuwa wapi. Si mimi. Ni mabawa. Nikampigia dereva kumweleza mpango mpya, akakata simu kabla sijamaliza. Mwoga yule! Nitatafuta mwingine.

Mwakani nampiga chui. Hana mabawa, atatulia.