Vidonge vya Mke Wangu Vikome Siku Nitakayokoma Mimi

Kwako Daktari wa kliniki ya saratani ya matiti, chumba cha mwisho, ukishapita mizani,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na foleni haijakumaliza. Mimi ndiye yule mzee wa mkongojo niliyekaa nyuma ya mke wangu Jumatatu iliyopita, uliyemwomba mara mbili aondoe kofia yake juu ya mafaili yako. Mke wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Fundi, nami pia. Tangu apasuliwe titi amemeza kidonge cha homoni kila asubuhi kwa miaka mitano, na saratani haijarudi. Kwa hilo tunakushukuru kwa dhati. Shukrani zimekwisha, sasa naingia kwenye malalamiko.

1. Tulikuja kuuliza jambo moja tu: aache vidonge au aendelee? Ukatujibu, tena kwa sauti nzuri, kwamba anaweza kuacha sasa, au akaendelea hadi miaka mitano mingine. Kwamba kuendelea kunapunguza kidogo hatari ya ugonjwa kurudi, lakini kunaweza kuzidisha maumivu ya viungo na kudhoofisha mifupa. Kwa hiyo aamue mwenyewe. Daktari, mimi nilikuwa mpima ardhi. Siku ambayo ningewaambia majirani wawili kwamba mpaka wao uko popote kati ya ukuta na kisima, waamue wenyewe, ningerudi nyumbani bila meno. Mtu hajikongoji mpaka kwa mtaalamu ili arudishiwe swali lake likiwa limepigwa pasi.

2. Uliposema aamue mwenyewe, hukunitazama. Nikakohoa. Ukaniuliza kama nahitaji maji. Sikuhitaji maji, nilihitaji kura. Vidonge hivyo humezwa na mtu mmoja lakini huishi na watu wawili. Joto humpanda Fundi ghafla hata msimu wa baridi. Basi madirisha yote hufunguliwa, shuka hutupwa upande wangu, nami hulala na koti na soksi kama mlinzi wa godauni. Nimevumilia miaka yote hii bila kulalamika, isipokuwa kila siku.

3. Kuhusu vidole. Asubuhi vidole vyake hukakamaa, hawezi kutunga uzi kwenye sindano mpaka aviloweke kwenye maji ya moto. Kazi hiyo nimeichukua mimi, kwa macho haya ya kizee, na uzi huingia sindanoni mteja akiwa ameshakwenda kwa fundi mwingine. Juzi alinitazama nikihangaika, akasema, “Mzee, kama ndivyo ulivyokuwa unapima viwanja, kuna watu wamejenga barabarani.” Tukacheka. Kisha akaanza kusema kwamba labda vidonge aviache, inatosha. Tangu hapo mimi sicheki vizuri.

4. Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, umwandikie kwamba ataendelea na vidonge mpaka nitakapokufa mimi. Usiandike mitano wala kumi. Andika: mpaka mzee afe. Utaona mwenyewe faida zake. Nyinyi wataalamu, kwa maneno yako mwenyewe, hamjakubaliana juu ya muda. Lakini kifo changu ni alama ya mpaka ambayo hata mtoto hataikosa. Tena hakiko mbali. Daktari wangu wa moyo, baada ya kuzungukazunguka sana, alinishauri nisijisumbue kununua viatu vya ngozi ngumu. Kwa hiyo viungo vya Fundi havitateseka muda mrefu, na mimi nikishafukiwa, anaweza kuacha jioni hiyohiyo.

Utaratibu huu ukifaulu kwetu, nashauri idara yako yote iufuate. Mgonjwa akija, mpimeni damu, kisha mpimeni na mume. Mume akipumua vizuri, mke aandikiwe miaka mingi. Akihema kwenye ngazi, michache. Wajane na wasioolewa wafungamanishwe na mzee yeyote aliyeko pale mapokezi, maana kwenu wazee hatukosekani. Mtaondoa ubishi wote na huenda mkaokoa karatasi.

5. Malalamiko ya mwisho nayaelekeza kwangu mwenyewe, kwa kuwa umri wangu hauruhusu tena kufungia mambo kabatini. Nimekuwa nikimwambia Fundi kwamba nataka aendelee kwa ajili ya afya yake. Huo ni ukweli nusu. Nimepima misitu ambayo hata chui angeomba aelekezwe njia, lakini siwezi kutoka chumbani kwenda jikoni nikijua kwamba jikoni hakuna mtu. Sijui chumvi inakaa wapi. Sijui nimtazame nani taarifa ya habari ikisema upuuzi. Naogopa kubaki, Daktari. Kwenye foleni hii nimetangulia kufika, na ninachokuomba ni usimruhusu mtu kupita mbele yangu.

Nisalimie muuguzi wa mizani, aliyesema mke wangu hajaongezeka ilhali sote watatu tuliuona mshale. Karani wa mapokezi. Mama wa usafi anayeniita kijana. Na yule mgonjwa aliyenipisha kiti kisha akajuta nilipoanza kuzungumza.

Ni mimi, ninayekuheshimu huku nikitetemeka,
Mume wa Fundi, mpima ardhi mstaafu.

Nyongeza: Nilimpa Fundi barua hii aitie kwenye bahasha, akaisoma. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia kwamba uamuzi alishaufanya palepale kwako, alikuwa anangoja tu nimalize kununa. Anaendelea. Atakuomba umjaribishie kidonge cha aina nyingine kwa ajili ya vidole, na mwili ukikataa kabisa ataacha, kwa sababu mwili ni wake. Lakini kuacha siku ya mazishi yangu hataki hata kusikia. “Yaani wewe ufe, na mimi nikufuate nyuma kama mkokoteni? Thubutu! Mimi nina mambo yangu, Mzee.” Nikauliza mambo gani. Anataka kulala katikati ya kitanda. Anataka kujua nyumba hii ina sauti gani redio ikizimwa. Anataka kwenda kwa dada yake akakae huko mpaka dada mtu achoke naye. Ameona miaka mitano ni michache.

Nimekasirika tangu mchana, na sijawahi kufurahi hivi. Lifute ombi langu lote, Daktari. Mwandikie mitano yake, wala usiifunge kwa mtu. Na siku atakapokuja kwako peke yake, usimwulize habari zangu. Mwulize kama dada yake bado anamvumilia.