Albamu ya Achieng na Betri Zangu za Juani

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Kawangware nzima. Na bado kichwa kimenivimba! Kaeni niwaeleze.

Mnamjua Achieng, jirani yangu hapa Mashimoni, yule wa gitaa la umeme. Wenzake wanapiga benga, yeye kashikilia roki, na nyimbo anatunga mwenyewe. Majuzi alinipa kaseti ya albamu yake ya kwanza.

"Buda, Jumamosi tunaizindua Kawangware. Wewe ndio utaongea. Sema uzuri na ubaya, usinipake mafuta."

Mimi! (Nani mwingine mtaani anajua muziki?) Nikaisikiliza kwa redio yangu ya kaseti mpaka nikaijua yote. Betri zilikuwa zimechoka, lakini nilizianika juu ya mabati kama kila mtu. Zikapata nguvu. (Kidogo.)

Leo ukumbi umejaa, mama yake Achieng kakaa mbele kabisa. Nikashika maiki.

"Upande wa kwanza ni moto! Gitaa linauma, maneno ni ya kweli. Udhaifu uko upande wa pili. Nyimbo zinakokota. Na ule wa mwisho, Achieng, umeuimba kama mzee anayesinzia. Lakini hongera, si kila msichana anaweza kushusha sauti vile!"

Achieng akanikodolea macho.

"Mzee gani? Huo nimeimba juu mpaka nikakohoa!"

Fundi wa mitambo akauweka. Sauti ikatoka nyembamba, mbio mbio.

"Hiyo siyo yenyewe!" nikapinga. (Kwa maiki. Mungu wangu.)

"Kwani redio yako ni ya stima ama betri?" Achieng akauliza.

"Betri."

"Mpya?"

"Nilizianika..."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko: kumbe betri zikichoka, kaseti huburuta na sauti hushuka! Mama yake alishika mbavu. Nikaiacha maiki nikasogea mlangoni, nikijua nimemharibia siku yake.

Achieng akachukua gitaa. "Ngojeni kwanza. Hebu niimbe vile huyu amesikia."

Akaupiga polepole, sauti chini kabisa. Kicheko kikakatika. Mama yake akatoa leso akapangusa macho. Mimi pale mlangoni nilikuwa nalia waziwazi, namwambia kila anayepita kwamba huyo ni msichana wa kwetu, wa Mashimoni!

Aliposhuka akaniambia akiurekodi tena ataupiga hivyo hivyo.

Kwa hivyo chekeni taratibu. Na mtu asiguse zile betri zangu pale juu ya mabati.