Kioo cha Moto na Kunguru Bwana Harusi

Jumatatu, 15 Januari
Sasa hivi tu Tilda kalamba kioo cha pembeni cha gari, ulimi ukagandia. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri! Mtoto wa miaka mitatu, macho pima, anasema "ah, ah". Nikaruka ndani, nikawasha injini, nikabonyeza kitufe cha kupasha vioo. Dakika moja, mbili, ulimi huo! Mzima. Akasema: tena.
Nimembusu kipua mpaka kanisukuma.
Wifi Nadine, dada wa mume wangu, alikuwa anatazama toka kwenye pikapu yake mpya. Eti, wifi, hicho kimkebe chako kina njaa, kinakula watoto. Kioo chake yeye ukilambe mwaka mzima, hakishiki ulimi wa mtu. Haya.
Alhamisi mtihani wa udereva. Wa tatu! Nikipita, kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya mto ni yangu, na lifti za Nadine basi tena. Mara ya pili vioo viliganda. Mtahini, Bwana Halvorsen, akauliza naona nini nyuma. Nikasema barafu. Ukweli mtupu! Kaniangusha.

Jumanne, 16 Januari
Kitufe kinajizima baada ya dakika kumi. Nabonyeza tena, na tena. Joto zuri hivyo lipotee bure? Nimevalisha kioo cha kushoto soksi za Tilda, cha kulia nimekibandika mkate wake wa jibini. Mama mkwe akachungulia dirishani: Corliss, mwanangu, gari si jiko. Nikasema, bado kidogo tu, mama.
Jibini likayeyuka vizuri. Likateleza. Akashuka kunguru, yule wa mkia mrefu, koti jeusi shati jeupe, akala lote, kisha akanitazama kama anauliza chai iko wapi. Tilda kamwita Bwana Harusi.

Jumatano, 17 Januari
Bwana Harusi kila nikibonyeza anakuja. Anagonga kioo kwa mdomo. Anadai jibini, au kamwona mchumba mle ndani. Nimempa kidogo ili aondoke. Hakuondoka.
Nadine kaniuliza, wifi, mgahawa wako unafungwa saa ngapi?
Nimenuna.

Alhamisi, 18 Januari
Nimeanguka. Kwa ndege!
Ofisi ya mtihani iko mitaa miwili tu toka kwetu. Nilianza vizuri. Kona safi, breki laini. Kwenye taa nyekundu nikabonyeza kitufe, vioo ving'ae. Kumbe! Bwana Harusi huyo, katua kioo cha kushoto. Bwana Halvorsen akauliza, mama, unaona nini nyuma? Nikasema, tumbo la kunguru. Akauliza, mnafahamiana? Nikasema, kidogo.
Akaandika muda mrefu.
Nirudi Alhamisi ijayo. Mpishi wa wazee kanionea huruma: ataniwekea kazi mpaka siku hiyo, si zaidi. Nimelia garini. Tilda kanifuta machozi kwa soksi. Mbichi.

Ijumaa, 19 Januari
Dawa nimeipata! Jibini halina kosa. Lilikaa mahali pabaya tu. Asubuhi nimepaka vioo vyote viwili vya pikapu ya Nadine. Bwana Harusi atahamia kwa matajiri, na mimi Alhamisi napita! Hata aproni nimeshachagua.
Saa nne. Kunguru hajafika, Nadine kafika. Anauliza nani kapaka uji vioo vyake. Nikasema, wifi, uji au si uji, kwa baridi hii kioo chako kingeshika ulimi kama changu tu. Kawaka! Kamshika Tilda mkono, wametoka, anakwenda kumwonyesha kioo cha maana kikoje. Injini hajawasha. Ningemkumbusha, ila nilikuwa katikati ya sentensi.
Mama mkwe anaita mlangoni: Corliss, mbio, lete maji ya vuguvugu, wifi yako haongei, na kuna kunguru kamkalia kichwani!
Naja, mama! Ila wazo hili nisilisahau: maji ya vuguvugu! Kumbe siku ya mtihani nitamwagia vioo ndoo nzima, halafu