San Pedro Atalala Kwangu

Jumatatu, 23 Juni

Mkutano mwingine wa magugu maji. Idara ya maji inasema gugu likishaelea si lao, ni la mazingira. Mazingira wanasema mizizi haigusi ardhi, basi ni la uvuvi. Uvuvi wanasema wao ni samaki tu. Wamekula mikate yote mitamu ya mke wangu, wamepiga picha, wamekwenda. Na hao ndio wasomi!

La maana lilisemwa moja tu, nalo nililisema mimi: awepo mratibu wa kuunganisha serikali na wananchi. Wakanichagua. Hakuna mwingine aliyetaka, lakini kuchaguliwa ni kuchaguliwa.

Kisha padre akatangaza. Jumapili, sikukuu ya mtakatifu wetu San Pedro, sanamu yake ikivuka ziwa kwa mtumbwi, itashukia kwenye gati la mtaa wenye ufuko safi zaidi, na aliyeongoza kazi atakaa na sanamu nyumbani mwaka mzima. Mwaka mzima! Wageni, mishumaa, heshima. Nimeitamani heshima hiyo tangu nioe. Doña Eduviges, mjane wa mtaa wa ng'ambo, alinitazama akitabasamu. Ameshakaa na San Pedro mara mbili. Ana nini ambacho mimi sina?

Jumatano, 25 Juni

Kwetu fataki moja ikilia, watu wanaitwa kazini. Tatu, wanaitwa kula. Nawajua watu wangu kwa fataki moja: huyu mgongo, yule mama mkwe mgonjwa. Nikafikiri kama mratibu. Nikarusha tatu!

Mtaa mzima ulikuja mbio. Na mabakuli. Panga hata moja hakuna. Nikapanda juu ya ndoo, nikaeleza kwamba serikali na wananchi ni mkono mmoja. Mzee Fidencio, msuka nyavu, akauliza, "Mkono wenyewe umeshika chungu, au umekuja mtupu?" Wakacheka, wakakaa chini. Ukirusha tatu lazima ulishe, na desturi hiyo hata mimi sithubutu kuivunja. Mke wangu Tarcila amepika corunda, vitonge vya unga vilivyofungwa kwa majani, mpaka unga wa mahindi ukaisha, tena unga wa sikukuu. Hasemi nami. Anasema na punda, kwa sauti, habari zangu.

Hakuna gugu lililong'olewa. Ng'ambo, Eduviges alirusha fataki moja tu na watu wake wanakata tangu asubuhi. Wasio na akili kazi yao kutii.

Ijumaa, 27 Juni

Akili ni mali! Kwa nini ung'oe kitu kinachoelea? Nimekata kamba zilizoyazuia magugu mbele ya gati letu, nikayasukuma kwa upondo, upepo ukamalizia. Shamba zima la kijani likaenda polepole mpaka kwa Eduviges. Nilicheka hadi kofia ikaanguka majini.

Ufuko wangu sasa ni kioo. Nimempigia simu mhandisi Olvera wa idara ya maji. Atakuja Jumapili kwa mashua, pamoja na wenzake wa idara zote, kuona mfano wa ushirikiano. Akauliza magugu nimeyapeleka wapi. Nikamwambia yamesharatibiwa.

Jioni Eduviges akaja. Wala hakugomba. "Don Evodio, wewe si umezaliwa hapa hapa ziwani? Upepo hugeuka mvua ikikaribia, hujui?" Nikamjibu kwamba mimi siongozwi na upepo. Wivu tu!

Jumapili, 29 Juni

Wingu. Upepo. Laana!

Mashua ya serikali ilifika kwangu bendi ikipiga, nami nimevaa shati jeupe. Wimbo wa kwanza haujaisha, shamba la kijani likarudi, na magugu ya Eduviges juu yake. Likaizingira mashua pande zote. Maji, mazingira na uvuvi ndani ya chombo kimoja, hawashuki, hawaondoki. Mhandisi akafoka, magugu haya ni ya nani? Uvuvi wakasema ni ya maji. Maji wakasema ni ya mratibu.

Mtumbwi wa San Pedro ukaja, ukaona, ukageuka kwenda kwa Eduviges, ambako upepo wangu ulikuwa umemfagilia bure. Niliuangalia mgongo wa sanamu ukienda zake. Iliniuma sana. Tarcila alikuwa amefua kitambaa cha meza ya kumwekea. Alikikunja, akakirudisha ndani.

Kisha fataki moja ikalia. Eduviges! Watu wake wakavuka na mapanga, na wangu wakawafuata, wasaliti, migongo na mama wakwe wote wamepona ghafla. Hata mhandisi alikunja suruali akaingia majini. Kufikia jua kuzama, ziwa lilikuwa wazi pande zote mbili. Eduviges akanipita, panga begani. "Karibu umwone San Pedro, jirani. Ila njoo na mshumaa wako."

Jumanne, 1 Julai

Nimetafakari. Wote wanasema Eduviges ndiye aliyeunganisha serikali na wananchi. Nani aliwafungia wakubwa wote kwenye mashua moja mpaka wananchi wakaja? Mimi! Nimemwambia padre hivyo. Akakohoa.

Sasa tatizo ni kwamba ziwa ni safi. Mratibu wa magugu bila magugu ni nani? Na mwakani watashindana kusafisha nini? Bahati nzuri Jumapili, wengine wakitupa, mimi niliweka mashina machache kando. Yako nyuma ya banda, kwenye karai la kufulia. Moja limeshatoa ua la zambarau. Zuri kweli!

Tarcila anauliza karai lake liko wapi. Nimemwambia analo Eduviges.