Dume Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 3 Juni

Shajara, niwie radhi. Sijakuandikia tangu kabla ya Ramadhani. Mikono yangu ilikuwa imeshikwa na mimea.

Nieleze kwa utaratibu. Mwezi wa pili iliota mimea mitatu ya bangi nyuma ya bafu, hapa kwangu Gazi. Sikuipanda. Labda ni ndege, labda ni vijana wanaopita njiani wakivuta. Nilichukua jembe niing'oe. Lakini mmea wa kwanza ulikuwa mrefu kama mlingoti, hauna tawi, umepinda kuelekea Msambweni! Nimekuwa bwana shamba wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Nimepogoa mikorosho ya watu hadi Lunga Lunga. Siwezi kuona mmea uliokosa malezi nikaupita. Nikaukata kilele, matawi yalipochipuka nikayalaza, nikayafunga kwenye vigingi kwa kamba ya makumbi. Na mingine miwili vivyo hivyo. Kufikia mwezi wa nne ilikuwa imetanda kama mkeka chini ya ukuta, haionekani njiani. Kazi safi! Tangu nistaafu hakuna aliyeniita kupogoa hata mlimau.

Sivuti. Sijawahi kuvuta. Hilo Twaiba halisikii.

Twaiba ni mke wangu wa miaka thelathini na minane. Nilimwambia ni dawa ya magoti. Kisha wenzake wa maulidi walikuja kunywa chai, mmoja akayasifu majani, akaomba tawi akapande kwake. Mwingine akamtajia jina la mmea. Twaiba alimaliza kumimina chai, akawasindikiza wageni, akafunga nguo mbili tatu, akaenda Munje kwa kaka yake Chande. Leo ni siku ya tisa. Ujumbe wake ni mfupi: atarudi siku mimea itakapoondoka.

Itaondoka. Lakini imeanza kutoa maua, na kazi haiachwi katikati.

Alhamisi, 6 Juni

Harrison amechungulia tena juu ya ukuta. Jirani huyu alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja ya Diani. Alikuwa akikata michongoma iwe na umbo la tembo. Hicho si kilimo.

Aliutazama mmea wa tatu, ambao una vishada vinavyoning'inia, akasema huo ni dume, niung'oe leo leo, la sivyo utaiharibu mingine, itajaa mbegu. Nikamwuliza amejuaje. Eti hotelini wageni ni wengi na kila mgeni huja na somo lake.

Nikamkumbusha kwamba mpapai dume haung'olewi. Hukatwa kichwa, ukapigiliwa msumari shinani, nao hutubu na kuzaa. Kila mtu wa pwani anajua! Mimi mwenyewe nimeigeuza mipapai sita. Harrison alicheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Wee Bwana Shamba, huyo si mpapai. Huyo ukimkata kichwa utamwongezea hasira tu."

Nimeukata kichwa. Msumari wa inchi tatu ulipasua shina. Nimelifunga kwa kitambaa na samadi.

Jumamosi, 15 Juni

Dume limepona! Palipokuwa na kichwa kimoja sasa pana vinne, na kila kimoja kimejaa maua. Nachukulia kuwa ni shukrani. Nilipolitikisa lilitoa vumbi la manjano, nikapiga chafya mara saba. Harrison alipiga mbinja tu. Afadhali angetukana.

Jioni nilikwenda Munje. Chande alinikaribisha barazani kwa kahawa chungu, bila tende wala kashata. Twaiba alikaa nyuma ya pazia. Nilimsalimu kwa heshima zote. Akauliza jambo moja: imeondoka? Nikaanza kumweleza hatua za kuchanua. Nilikuwa kwenye hatua ya pili niliposikia mlango wa ndani ukifungwa. Chande akasema, "Shemeji, umeulizwa ndiyo au la. Hukuombwa somo."

Mtu asiyejua kilimo, nimfanyeje?

Jumapili, 14 Julai

Msiba! Mimea yangu miwili mizuri imejaa mbegu kama mtama. Harrison alisugua kishada kiganjani, akapuliza, akahesabu mbegu kwa sauti mpaka ishirini, akanishauri nifuge kasuku. Akaenda zake. Baadaye nilimsikia mkewe naye akicheka.

Nimeikata yote mitatu. Kazi ya miezi mitano! Nilikaa juu ya ndoo, sikuingia ndani mpaka adhuhuri. Ndani kuna nini? Chai niliyoipika mwenyewe.

Basi, nikajiambia, angalau Twaiba atarudi. Nikampigia Chande: uwanja ni safi, mimea imekwisha. Twaiba akaichukua simu, akasema Alhamdulillahi, atakuja akishavuna bustani ndogo ya mchicha aliyoianza huko. Sauti yake ilikuwa laini. Nilikuwa nimeisahau.

Bwana shamba hatupi mabaki. Nimeyakatakata mabua, mbegu na yote, nikayachanganya na samadi ya mbuzi, nikajaza gunia, nikalituma kwa bodaboda likarutubishe mchicha wake. Zawadi ya amani!

Alhamisi, 25 Julai

Bustani ya Twaiba imeota bangi.

Chande amepiga simu asubuhi. Ameng'oa miche mia moja na kumi na miwili. Ameihesabu. Yeye ni mwadhini, alisema, na sasa anaogopa kufungua mlango wa nyuma mchana. Nikamwambia kwamba idadi hiyo inaonyesha samadi ilikuwa nzuri sana. Hakufurahi.

Kisha Twaiba. Alisema hasira za mwanzo alijua zitapoa. Lakini kuletewa magugu yale yale kama zawadi, naye akayamwagilia maji kila asubuhi kwa mkono wake, huku akiniombea dua! Hapo nikamsikia akiwafukuza kuku wa Chande. Kisha akasema: nije Ijumaa ya tarehe mbili, baada ya swala, niseme mbele ya kaka yake kwamba hakuna tena mche hata mmoja wala hautakuwapo. Nikija, tutarudi pamoja. Nisipokuja, nimpelekee sanduku lake.

Nitakwenda. Ni wazi kabisa nitakwenda!

Ijumaa, 2 Agosti

Nimeoga mapema. Nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Sanduku la Twaiba nalo nimeliweka mlangoni, kwa tahadhari tu. Mtu mwenye mpango hujiandaa pande zote.

Nilipotoka bafuni, pale nilipokatia mabua, nikaona miche miwili. Mmoja wima. Wa pili umelegea vibaya, unaegemea ukuta. Nilichutama niung'oe. Nilichutama muda mrefu. Hatimaye nimeufunga kijiti kimoja tu. Adabu kidogo.

Harrison alichungulia, akaona kanzu ina udongo magotini. Safari hii hakucheka. Alisema, "Nenda kamchukue mama, Bwana Shamba. Hiyo nitakung'olea mimi." Namjua Harrison! Angeacha nusu ya mizizi ardhini. Nikamwambia ashughulike na ya kwake.

Swala imekwisha. Nimewasikia watu wakirudi. Bodaboda yuko langoni, anauliza anabeba mtu au anabeba sanduku. Nimemwambia asubiri.

Nimempigia Chande nikamweleza jambo la haki kabisa. Miche hii bado haijaonyesha kama ni dume au jike. Huenda yote ni madume, na madume nitayang'oa siku hiyo hiyo, au angalau nitalifikiria jambo hilo, na ubishi utakwisha wenyewe. Wiki tano tu! Twaiba amevumilia miaka thelathini na minane.

Simu ikakatika. Mtandao wa Munje ni mbaya sana.

Sijaamua. Nikishaamua, nitaandika.