Ngazi Yangu na Hesabu ya Wapita Njia

Jumatatu, 4 Machi
Iandikwe, vizazi vijavyo visome: leo saa mbili na dakika kumi asubuhi, binti wa manispaa ameweka kiti cha plastiki mtaani kwetu. Nusu ya mtaa huu mkongwe itafungwa, magari yasipite, watu watembee kwa raha. Nusu ipi? Yenye wapita njia wengi. Atahesabu siku tatu. Ama upande wangu, mimi fundi viatu, ama kule juu kwa kinyozi. Nimeyasikia yote nikiwa kwenye ngazi yangu ya mawe, ninaposhonea viatu mwaka wa ishirini sasa. Magari yananifukuzia wateja. Wakifunga kwangu, nimepona! Kinyozi keshaanza kutamba. Tutaonana.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaita shemeji, shangazi na mama mkwe. Kazi yao kupita mbele ya duka, kuzunguka nyuma ya posta, kurudi. Mama mkwe akauliza nimemwitia chai au gwaride. Mzunguko wa tisa, kisigino cha kiatu chake kikang'oka. Kiatu nilichotengeneza mimi! Akatangaza mbele ya watu kwamba sasa ameelewa kwa nini dukani kwangu hakuna foleni. Binti anabofya tu kimashine chake cha kuhesabia. Raha!

Jumatano, 6 Machi
Nimejitosa mwenyewe. Na kofia. Bila kofia. Na mwavuli. Binti akaniamkia: shikamoo mzee, hii ni mara ya ishirini na nne. Marahaba, nikamwambia, daktari kasema nitembee. Akacheka. Akabofya. Kinyozi analalamika nimeleta ukoo mzima. Kijicho!

Ijumaa, 8 Machi
Ushindi! Wanafunga kwangu. Habari nimempelekea kinyozi mimi mwenyewe, ana kwa ana.

Jumatatu, 11 Machi
Ukweli wenyewe ni huu. Wamekuja mafundi na nyundo. Binti akanieleza kwa upole: watu upande huu ni wengi mno, kwa hiyo chochote kilichojitokeza njiani kinavunjwa wapate nafasi. Kilichojitokeza ni kimoja tu. Kufika saa nne, ngazi yangu haipo. Mlango uko kimo cha kiuno. Mama mkwe, aliyefuata kiatu chake, kapandishwa na shemeji akisaidiwa na kinyozi. Kinyozi akanipa pole, mdomo kaubana asicheke. Waliopita leo: kumi na mmoja, pamoja na paka.

Jumanne, 12 Machi
Binti karudi. Sasa anahesabu wanaokaa, benchi liwekwe wanapokaa wengi. Wanaokaa! Nimeshampigia shangazi. Aje na mto.