Mkwe Hapungiwi Mkono

Redio ya Haidar ilisema hivi, na kijiwe kizima cha kahawa pale Konde kikasikia: anayetaka kutazama wanyama upande wa kaskazini aende Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, akibakiwa na nafasi, avuke bahari aje msitu wa Ngezi, Pemba, aone popo.

"Akibakiwa na nafasi!" Haidar alifoka. Kijiweni anaitwa Bwana Habari, na huichukulia kila taarifa kana kwamba imetumwa kwake. "Yakhe, mwasikia? Popo wetu wamefanywa kiporo!"

"Kule kuna simba," alisema Nyange. Huyu wanamwita Serengeti, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kufika huko, ingawa alilala garini tangu lango la kuingilia mpaka la kutokea.

"Ulimwona?"

"Nilisikia watu wakisema yule pale."

"Simba mwenyewe hulala mchana kutwa! Mtu apande ndege kuja kumtazama anayelala? Si angebaki kwake amtazame mumewe?"

"Kwani popo halali?"

"Hulala, lakini kichwa chini, miguu juu! Nletee simba wa hivyo."

Walicheka wote isipokuwa Jaribu, ambaye kahawa yake ilishapoa mkononi. Jaribu wanamwita Kipaza. Akisema Konde, wa Tumbe wanaitikia. Siku ya kumi hii mkewe, Nusaiba, yuko kwao, na ameapa harudi mpaka mume apate kazi ya kueleweka. Kazi ikajitokeza: kamati ya njia ya msituni ilitaka mtu mmoja wa kuongoza wageni, na jana Jaribu alikwenda kujaribiwa. Sharti lilikuwa moja tu. Mkifika chini ya mti wa popo, kimya.

"Ehe, Kipaza, jana vyereje?" Nyange aliuliza.

"Msiniulize."

Wakamuuliza mpaka akasema.

"Nilianza vizuri, wallahi. Nikanyata. Kima nikawaonyesha kwa kidole. Tukafika mtini, popo mia na ushei wananing'inia, wageni wameinua kamera, Muhannad wa kamati ananitabasamia. Mara nani atokea vichakani na mzigo wa miyaa ya kusukia mikeka kichwani? Bi Rahila."

"Mkweo!"

"Mkwe wangu mwenyewe."

Hapo hata redio ilipunguzwa sauti.

"Ukafanyaje?"

"Nikachutama, nikamwamkia. Shikamoo, mama!"

"Kwa sauti hiyo hiyo?"

"Kwani ninayo nyengine?"

"Si ungemnong'oneza?"

"Mkwe anong'onezwe? Kwani nna siri gani naye?"

"Ungempungia mkono."

"Nimpungie mkono? Yeye gari la Wete?"

"Ungejitia humwoni."

"Msituni, Haidar? Tulikuwa watu sita!"

Nyange alikuna kidevu. "Lakini salamu si neno moja, ukanyamaza?"

"Aliitikia akaniuliza hali, akamuulizia mama, mguu wa baba, ng'ombe keshazaa au bado. Nami nimwache hivi hivi? Nikauliza mgongo wake, nikauliza karafuu. Salamu zilipofika kwa shangazi wa Pujini, mtini hakuna popo hata mmoja. Wote wako juu, mbingu nyeusi."

"Na kazi?"

"Kazi gani tena? Niliondoka mbio kwa haya, nikawaacha palepale. Kazi sina, na Nusaiba ndiyo basi." Sauti ya Kipaza ilikatika, na siku hiyo aliyekaa naye bega kwa bega ndiye pekee aliyemsikia.

Haidar alikuwa anatafuta la kumfariji, akaona watu wanakuja barabarani. Wageni wanne wenye kamera walikuwa wakinyata, ingawa msitu ulikuwa bado mbali. Mbele yao alitangulia Bi Rahila kwa buibui lake, na juu ya mtandio kapachika kofia ya kijani ya kamati. Bwana Habari hakuwa na habari hiyo.

Muhannad, aliyefuata nyuma, alisimama kijiweni akanong'ona. "Jana popo waliporuka sote tulikata tamaa. Bi Rahila akatua mzigo, akatushangaa: mwasikitika nini, si wamehamia ile miti ya kisimani? Katupeleka, na kweli tukawakuta. Miaka arubaini anakata miyaa mule ndani. Tungemwacha vipi?"

Jaribu alishasimama. Hakujua afurahi au alie, lakini adabu yake haikungoja ajue. Alichutama, akajaza kifua hewa.

"Shika..."

Bi Rahila aliweka kidole mdomoni. Yule mama alimsogelea mkwewe akamwambia kwa sauti ndogo sana:

"Marahaba, mwanangu. Niko kazini. Jana nimemwambia Nusaiba: mumeo kaipoteza kazi chini ya mti ili aniamkie mie. Akalia, kisha kafunga mizigo yake. Jioni njoo umchukue."

Akageuka, akaendelea kunyata na wageni wake.

Furaha ilimpanda Jaribu kutoka miguuni. Akafumbua mdomo amshukuru mkwewe kama inavyostahili, na Nyange na Haidar wakamrukia kwa pamoja, wakamziba kwa mikono yote minne.